Hesabu ya Alhamisi

Ijumaa, 15 Machi

Mdogo wangu Bwana Ramani,

Jana tumemzika Mzee Dakika. Najua ulipata ujumbe wangu wa juzi kwa sababu ulinijibu, "Poleni sana dada, niko kazini." Maneno matano. Niliyasoma mara tatu nikitafuta la sita. Ndiyo maana leo nakuandikia barua. Kwenye simu wewe ni mtu wa sawa dada, sawa dada, mara laini imekatika. Kwenye karatasi utalazimika kumaliza ulichoanza.

Mzee ameondoka bila taabu. Alikunywa chai, akamwambia mkewe, "Dakika mbili tu, najinyoosha kidogo," na ndiyo ikawa basi. Mkewe alipokuwa anatusimulia akajikuta anacheka katikati ya kilio, maana unajua dakika mbili za yule fundi saa zilivyokuwa. Mtu analeta saa mwezi wa kwanza, anaichukua mwezi wa sita. Yako ameikalia tangu ulipoajiriwa. Tumeikuta kwenye droo yake imefungwa karatasi yenye jina lako, na inatembea vizuri tu. Ninayo mimi.

Mtaa mzima ulifunga tangu asubuhi. Mama Vitambaa, kinyozi, muuza vioo, mimi na kufuli zangu, wote. Hata basi lilikuwa likisimama watu wanachungulia, wakiona milango imefungwa wanaendelea na safari. Na katikati ya hayo tulikuwa na wageni wawili wa ajabu. Wamevaa vizibao vya njano, wamejikalia kwenye ukingo wa mfereji mbele ya duka langu, kila mmoja na kidude mkononi. Mtu akipita wanabonyeza. Paka akipita wanatazamana. Nikawatolea stuli zangu na maji ya kunywa, nikawaambia, wanangu, leo hapa hakuna watu, tuna msiba, rudini kesho. Yule wa kike akasema wametumwa kuhesabu leo, kesho wana mji mwingine. Basi nikawaacha wanahesabu vumbi, nikaenda kuzika.

Ulitakiwa uwepo. Yule mzee alikufundisha kusoma saa kabla hujajua kufunga viatu, na siku ulipofaulu mtihani alifunga duka kabla ya wakati, jambo ambalo hakulifanya hata alipooa. Sikusemi sana. Nimesema tu.

Dada yako wa funguo


Jumatano, 27 Machi

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma ofisini, mlango umefungwa. Kosa ni langu na sina la kujitetea. Ujumbe wako ulinikuta na rundo la karatasi za kutia sahihi na watu watatu wamesimama mlangoni. Nikakujibu hivyo hivyo, nikaendelea. Nilimkumbuka Mzee jioni, nikiwa njiani kurudi nyumbani, na kufikia hapo hakuna basi ambalo lingenifikisha.

Nina habari nyingine. Mji wetu umepata fedha za kuboresha mtaa wa biashara. Mifereji ya kufunikwa, taa, njia ya waendao kwa miguu, na kituo cha mabasi chenye paa na viti. Lakini ni mtaa mmoja tu. Ama wetu, ama Barabara ya Juu. Kituo kitajengwa huko huko kwenye mtaa utakaochaguliwa, na kituo cha mtaa usiochaguliwa kitaondolewa. Ofisi yetu ya mkoa ndiyo inayoandaa mpango, na jalada limewekwa mezani kwangu tangu mwezi uliopita.

Mkuu wangu hajui kwamba nimezaliwa nyuma ya duka la kufuli la huo mtaa. Nikimwambia atanipokonya jalada, au ataniachia halafu kila mtu aseme navutia kwetu. Nimekaa kimya, na wewe naomba ukae kimya.

Ile siku ya msiba, maduka yalifunguliwa saa ngapi? Na wale wenye vizibao waliondoka lini? Nauliza tu.

Saa nitunzie.

Mdogo wako


Jumanne, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Ulisema nisimwambie mtu. Nimemwambia Mama Vitambaa peke yake. Sasa unamjua Mama Vitambaa, kwa hiyo kufikia jioni kinyozi alikuwa ananiita Mama Mheshimiwa na muuza vioo amekataa kunitoza kwa kioo kidogo cha dirisha la uani. Nisamehe. Furaha ilinizidi kifua.

Wewe hujui tulivyo hapa siku hizi. Mvua ikinyesha ule mfereji unafurika mpaka kwenye mlango wa muuza vioo, na mteja anarukaruka na kioo kichwani hadi roho inakutoka. Taa ya mwisho ilikufa mwaka juzi. Lakini watu wapo. Kituo ndicho kinachotulisha. Mtu anashuka, ufunguo wake umekatikia kitasani, ananiona mbele yake, ananipa, anakwenda kunyolewa, anarudi anakuta nimemchongea mwingine. Hakuna anayepanga safari ya kuja kuchonga ufunguo. Anapita, basi. Kituo kikihama mimi nimekwisha, hilo nakwambia kama dada na si kama mfanyabiashara.

Uliuliza kuhusu msiba. Tulifungua saa kumi jioni, tena nusu milango. Wale wa vizibao walikaa kuanzia saa mbili asubuhi wakaondoka saa tisa, stuli zangu wakazipanga vizuri ukutani. Watoto wa watu, wana adabu. Kinyozi anasema walikuwa watu wa kodi. Mimi nasema mtu wa kodi hawezi kushukuru kwa maji.

Tumekuchorea mtaa kwenye karatasi ya kufungia vitambaa. Alama za msalaba ni mahali mfereji unapofurika. Duara ni mahali tungependa taa. Usitucheke.

Dada yako


Alhamisi, 30 Mei

Dada,

Mchoro umefika na sikuucheka. Nimeuweka kwenye droo yangu.

Ripoti imekwishapelekwa kwenye kamati. Mimi kazi yangu ni kukusanya takwimu na kuzipanga, uamuzi ni wao. Waambie jirani zako wasinitumie salamu ofisini tena, mlinzi ameanza kuuliza. Na tafadhali usiwape watu matumaini kupita kiasi. Wanaangalia mtaa upi una watu wengi zaidi, mengine yote wanayasoma juu juu.

Kazi ni nyingi. Nikipata likizo nitakuja kwenye kaburi la Mzee.

Mdogo wako


Ijumaa, 6 Septemba

Mdogo wangu,

Wamebandika tangazo kwenye ukuta wa halmashauri. Ni Barabara ya Juu. Kituo kinahamia huko mwezi wa kwanza.

Sikulia pale. Nililia dukani, nikageuza kibao cha "Nimefunga" ili watu wasiingie. Kisha nikarudi kusoma vizuri, maana mara ya kwanza macho yalikuwa yanarukaruka. Imeandikwa idadi ya wapitanjia. Barabara ya Juu, mia nane na sabini. Sisi, sitini na watatu. Mdogo wangu, sitini na watatu ni watu wanaokuja kwa kinyozi Jumamosi kabla ya saa sita.

Kinyozi anasema hiyo hesabu ni ya wale wa vizibao vya njano. Nimembishia mbele za watu. Nimemwambia haiwezekani, siku ile tulikuwa tunazika, na nilimwandikia mdogo wangu kwa mkono huu huu, na yeye ndiye mwenye jalada. Lazima walirudi siku nyingine wakakaa mahali tusipowaona. Akaniuliza, "Na siku hiyo sisi tulikuwa wapi?"

Tuna ruhusa ya kupeleka pingamizi mpaka tarehe thelathini mwezi huu. Kwa hiyo jana, Alhamisi, tumejihesabia wenyewe. Tumetoa stuli zile zile, tukakaa pale pale, saa mbili mpaka saa tisa, wawili wawili kwa zamu, tunachora vijiti kwenye daftari. Muuza vioo alisinzia zamu yake, tukamfukuza, akaingia mjane wa Mzee Dakika, na yule mama hakukosa hata mtoto wa mgongoni. Jumla tumeipata. Sikwambii ni ngapi, nisije nikaonekana nakushawishi. Nataka uniambie yako kwanza.

Wanataka nikuulize wewe kabla hawajapeleka daftari, kwa sababu wanaogopa kukuharibia kazi. Ndivyo walivyo, hata wakiwa na hasira. Basi nakuuliza. Ile sitini na tatu ni hesabu ya haki? Ukiniambia ndiyo, nitaamini na nitanyamaza. Ukiniambia hapana, tutakwenda na daftari letu na jina lako hatutalitaja.

Dada yako


Jumanne, 17 Septemba

Dada yangu,

Hesabu ilifuata utaratibu wa ofisi. Namba iliyobandikwa ndiyo iliyoletwa na waliokwenda kuhesabu, hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Barabara ya Juu nayo ilihesabiwa na watu hao hao.

Pingamizi ni haki yenu, siwezi kuwazuia wala kuwashauri. Naomba uelewe nafasi niliyonayo.

Nakutakia afya njema wewe na jirani wote.

Mdogo wako


Jumapili, 29 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako niliipokea Jumatano. Ilikuwa fupi na baridi, nikasema haya, ndivyo wanavyoandika wenye vyeo, ila jibu nimelipata. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza.

Jana tulikutana dukani kwa Mama Vitambaa, tumekaa juu ya majora. Nikasimama. Unajua mimi si mtu wa kusimama. Nikawaambia, huyu nimemlea mimi baada ya mama, nimemchapa mimi kwa uongo wa sukari iliyoliwa, na tangu siku hiyo hajanidanganya. Alijua kuhusu msiba. Asingeweza kuchukua siku ya maziko ya Mzee Dakika akaiita hesabu ya mtaa wetu. Akisema ni ya haki, ni ya haki, labda sisi ndio tumejihesabu kwa mapenzi. Mjane wa Mzee akasema, "Kama dada yake anasema hivyo, mimi nimekubali." Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Kinyozi alichukua kofia yake akatoka, lakini hakubisha.

Daftari nimelifungia kwenye kabati langu. Kesho ndiyo siku ya mwisho na hatutakwenda.

Nimeumia, sikufichi. Lakini ni afadhali kukosa kituo kuliko kwenda kumwita mtoto wangu mwongo mbele ya halmashauri.

Dada yako


Jumatatu, 30 Septemba, saa nne asubuhi

Dada,

Hii nimeiandika mara nne tangu tarehe kumi na saba. Tatu nimezichana.

Wale wenye vizibao vya njano ni watu wangu. Niliwatuma mimi. Karatasi yao ya safari ilikuwa kwenye lile rundo nililokuambia, na ujumbe wako wa msiba uliingia kalamu ikiwa juu yake. Nilikusoma, nikakujibu maneno matano, nikatia sahihi. Halikunijia kabisa kwamba ni Alhamisi moja na ni mtaa mmoja. Hilo ni kosa, na mtu anaweza kusamehewa kosa.

Lililofuata si kosa. Fomu ya hesabu ina mahali pa kujaza aina ya siku. Kama kulikuwa na mvua kubwa, msiba, ajali, unaandika, na hesabu inarudiwa. Wahesabu waliniachia mahali hapo wazi nijaze mwenyewe. Fomu ilikuwa mbele yangu tarehe ishirini na saba Machi, na barua yako ya kwanza ilikuwa pembeni yake, imefunguliwa. Nikaandika: siku ya kawaida.

Nilikuwa najua ningeandika msiba wangeniuliza nimejuaje. Ningesema dada yangu kaniandikia. Wangejua ni kwetu. Wangesema ndiyo maana anataka hesabu irudiwe. Niliogopa sana kuonekana nawapendelea mpaka nikawadhulumu, na kwa miezi sita nimekuwa nikijiita mwadilifu. Nilijiambia nitarekebisha kwenye kamati. Kwenye kamati nilisoma namba na kukaa. Halafu ukaniuliza waziwazi, kwa karatasi, na nikakujibu kama karani.

Pelekeni daftari. Pelekeni na barua hii, mtaje jina langu. Leo ndiyo mwisho. Naipeleka kwenye basi la saa saba na najua litafika kesho. Simu iko hapa mezani, nimeishika tangu asubuhi. Kila nikitaka kubonyeza nasikia sauti yako ikisema haloo, nashindwa.

Nisamehe, dada.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Februari

Mdogo wangu,

Umeniandikia mara tano tangu Oktoba na sikujibu. Nilizisoma zote. Najua ulimweleza mkuu wako, na wamekuweka chumba cha ramani za zamani. Najua halmashauri walikuambia muda umepita na mkandarasi ameshaleta mawe. Nilikuwa sijui nikuanzeje. Leo nimepakia duka, nimebaki na meza na stuli mbili, nikasema nimalize na hili.

Ulikuwa na simu, mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Fomu naielewa, hata woga wako nauelewa, tangu utotoni ukivunja kikombe unakaa kimya mpaka mtu akanyage kigae. Lakini saa nne asubuhi ile kinyozi alikuwa amekaa hapa kwenye stuli, ananiomba kwa mara ya mwisho nimpe ufunguo wa kabati. Halmashauri ni mwendo wa robo saa. Ungesema neno moja tungekimbia, hata mjane wa Mzee angekimbia.

Kituo kimehama tarehe sita mwezi uliopita. Muuza vioo amepata chumba Barabara ya Juu, nyuma, kwenye ngazi. Mama Vitambaa anauza nyumbani. Kinyozi bado yupo, ananyoa wazee waliomzoea. Mimi kuna wiki nimechonga funguo mbili, na mmoja ulikuwa wangu. Kuanzia Jumatatu nitakuwa na meza chini ya ngazi, pembeni ya muuza vioo. Nimekwenda kuiona hiyo Barabara ya Juu. Wameijenga vizuri, siwezi kusema uongo. Mifereji imefunikwa, na taa zimewekwa kama vile tulivyochora.

Kuna jambo nataka ulijue wewe peke yako. Sijawaambia. Barua yako ilifika kesho yake kama ulivyosema, nikaisoma nimesimama, na nje walikuwa wanapita wananisalimia. Nilitaka kuwaita. Lakini aliyesimama katikati ya majora ni mimi. Aliyefungia daftari ni mimi. Ningefungua mdomo ningesema nini, kwamba ulidanganya na mimi ndiye niliyekubebea uongo? Nimekaa kimya mwezi baada ya mwezi, nikijua, na ndipo nilipoelewa ulivyoweza. Ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mjane wa Mzee Dakika bado ananiletea maandazi kila Jumapili, na bado ananiambia, maana amesikia tu kwamba umeshushwa cheo, "Pole kwa yaliyomkuta mdogo wako huko kazini." Nayala. Nitamwambia Jumapili hii, nimejiapia, ingawa nilijiapia na iliyopita.

Saa yako haimo kwenye kifurushi hiki. Naijaza ufunguo kila asubuhi. Ukiitaka njoo uichukue mwenyewe, na utakapokuja tutakwenda wote wawili kwa yule mama, wewe useme la kwako na mimi la kwangu.

Kilichomo ni daftari. Halina tena pa kwenda, kwa hiyo nimelileta kwako. Fungua ukurasa wa vijiti. Mwishoni kuna jumla, mwandiko wa kinyozi: watu elfu moja mia tatu na wanane. Juu ya ukurasa palikuwa wazi, hatukujua kwamba watu wa ofisi huwa wanajaza. Jana nimepajaza mimi. Nimeandika Alhamisi, tarehe tano Septemba, na chini yake nimeandika maneno yale yale uliyoandika kwenye fomu yako, siku ya kawaida.

Dada yako